Pambo Lililokaa Sandukuni

Bienvenu alifika Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, mwanzoni mwa Desemba, mwaka 2014, kwa gari la kukodi, amevaa viatu vinavyong'aa kama kikaango kipya. Pélagie alikuwa mlangoni anapepeta maharage. Alimwona tangu kule kwenye bomba la maji, akaendelea na ungo wake. Shemeji yake huyo alizoea kutuma sukari na mchele kutoka Mbarara kwa mikono ya watu. Kuja mwenyewe ilikuwa kama mvua ya Julai.

“Shemeki, unanipepetea vumbi,” alisema akicheka.

“Ni vumbi ya Kashojwa. Haijue kuchagua mutu ya Mbarara.”

Ndani ya nyumba, Mama Sidonie alisikia sauti ya mwanawe akaanza kuita. Umri wake ulikuwa umepita themanini, na tangu nyonga yake ilipovunjika hakutembea tena. Pélagie, mjane wa mwanawe mkubwa, ndiye aliyembeba asubuhi kumtoa nje na jioni kumrudisha. Ndiye aliyemwosha, akamgeuza kitandani, akamkata kucha. Lakini majirani walipopita, iliyosifiwa ilikuwa sukari. “Mwana wangu wa Mbarara,” bibi angesema, “yule aliyemuzika kaka yake na mikono yake mwenyewe.” Pélagie alikuwa amezisikia sifa hizo miaka nenda miaka rudi, na kila mara alizimeza kama mtu anayemeza dawa chungu bila maji.

Bienvenu akaketi kando ya kitanda cha mama yake, akamshika mkono, akaeleza kilichomleta. Binti yake Grâce alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mchungaji Nehemiya, mtu wa Fizi aliyeheshimika sana kati ya Wakongomani wa Mbarara. Mchungaji alipenda ukoo wenye mizizi. Bienvenu, katika kujisifu, alikuwa amemsimulia habari za mti wao wa Noeli.

“Ananiambia, familia yenye ilikimbia vita na mapambo ya batoto wake, hiyo ni familia. Anataka kuona na macho. Basi tarehe makumi mbili na ine muje bote kwangu. Na sanduku ya mapambo.”

Pale mlangoni, ungo ukatulia mikononi mwa Pélagie.

“Unaita sanduku?”

“Naita.”

“Na sheria yake? Yote, ao nusu?”

“Yote, shemeki. Mchungaji anapenda batu ya sheria.”

“Mama umesikia,” Pélagie alisema. “Amesema yote.”

“Nimesikia,” bibi akajibu, na uso wake wote ukacheka. “Mwana wangu atatundika pambo lake. Nilidhani nitakufa bila kuiona.”

Subira huvuta heri, wahenga walisema. Lakini subira ya Pélagie haikuwa na haja ya heri. Ilikuwa na haja ya siku moja tu, na siku hiyo sasa ilikuwa imekuja yenyewe, imevaa viatu vinavyong'aa, imeketi kwenye kitanda cha mama yake.

*

Desturi ile ilianzia Sange, katika bonde la Ruzizi, Kongo, kwa baba yao, fundi cherehani wa misioni. Wamisionari walimfundisha mti wa Noeli. Sheria zake alizitunga yeye. Kila mtoto wa nyumba, na kila mke aliyeolewa humo, alitengenezewa pambo lake, na hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kulitundika. Ukitundika, unasimama mbele ya wote unasema mwaka huo ulikuwa wapi na ulifanya nini. Aliyekuwa pamoja nawe mahali hapo akisikia uongo, husema neno moja tu: “Shusha.” Basi unalishusha pambo lako, unaanza upya. Wala msema “Shusha” haulizwi sababu. Na chakula hakiguswi mpaka wote waliopo wametundika. Mzee alisema mti unaopambwa kwa uongo ni kuni tu.

Kulikuwa na sheria nyingine iliyotumika mara moja. Mdogo wa mzee alipotea miaka kadhaa katika machimbo ya dhahabu ya Kamituga, na aliporudi akataka kutundika kama kawaida. Mzee akamwambia hapana, aliyekosa miaka haanzi na mwaka huu. Anaanza na ule wa kwanza aliokosa. Mwaka huo Bienvenu alikuwa Bukavu anajifunza ushonaji, hakuyaona. Pélagie alikuwa bibi harusi mpya, na aliyaona yote kutoka mlango wa jikoni.

Mzee alikufa kitandani kwake, kabla ya vita. Sanduku likawa la mke wa mwana mkubwa, yaani Pélagie.

Vita vilipofika mwaka 1996, Mama Sidonie alitangulia kusini kwa lori pamoja na mke wa Bienvenu, mtoto wao Grâce na lile sanduku. Nyuma wakabaki Anselme, mume wa Pélagie, na yeye Pélagie, na Bienvenu aliyekuwa na baiskeli. Kwenye baiskeli ilifungwa cherehani ya marehemu baba. Njiani risasi ikampitia Anselme kwenye kifundo cha mguu. Alijikokota siku tatu akimwegemea mkewe, na walipofika kwenye mlima kabla ya Mboko, mji wa ziwani, hakuweza tena.

“Ninapeleka mashini Mboko,” Bienvenu alisema, “ninaiweka kwa batu, ninarudi na baiskeli tupu. Mungoje hapa hapa.”

Wakangoja hapo hapo. Mguu wa Anselme ulivimba ukawa mweusi. Watu wa Sange walipita kwa makundi, na mmoja, mwanamke waliyemfahamu, alimwambia Pélagie kwamba amemwona shemeji yake Mboko, ameketi kivulini anakunywa chai, cherehani iko kando yake. Pélagie akashukuru Mungu: basi yuko karibu. Anselme alikufa akimtazamia. Pélagie alimchimbia kaburi kwa jembe la mwanamke asiyemjua, mpita njia, na huyo mwanamke alimsaidia mpaka udongo wa mwisho, kisha akachukua jembe lake akaendelea na safari.

Kwa nini hakusema? Ndivyo mtu angeuliza. Alipofika Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wiki nyingi zilikuwa zimepita. Mama Sidonie alimkumbatia akalia: “Bienvenu ameniambia vile mulimuzika, yeye na wewe.” Bienvenu alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeona mzimu, maana alikuwa ameshamhesabu Pélagie pamoja na waliokufa. Pélagie alifungua kinywa, akamwona bibi alivyokonda, akakifunga. Mtoto mmoja wa tumbo lake amekufa. Ampokonye na huyu wa pili siku hiyo hiyo? Baadaye, alipotaka kusema, muda ulikuwa umempita. Neno la mkwe dhidi ya mwana wa nyumba ni kama maji juu ya jani la myugwa: hayashiki. Angeambiwa ni wivu, au ni sukari. Habari ile ilipaswa kutoka kinywani mwa mwenyewe, mbele ya mama yake, la sivyo isingekuwa na kazi.

Kwa hiyo kila Noeli, Kigoma na baadaye Nakivale walikohamia, alikata tawi la mgunga, akalisimamisha katika ndoo ya udongo, na miiba yake ikafanya kazi ya kulabu. Mapambo ya waliokuwapo yalitundikwa. La Bienvenu lilibaki sandukuni. “Iko na kazi mingi, Desemba batu banashonesha,” bibi alisema kila mwaka. Pélagie alisema ndiyo, mama, akafunga kifuniko.

*

Nyumba ya Bienvenu ilikuwa juu kidogo ya barabara, Mbarara, ina sebule kubwa na makochi yenye vitambaa. Mti wake ulikuwa wa plastiki, na taa zake zilikuwa zikiwaka na kuzimika kama macho ya mlevi. Kando ya mti, juu ya meza ndogo, chini ya kitambaa cheupe kilichofumwa, ilikaa cherehani ya marehemu baba. Kutokana nayo alikuwa amepata nyingine, na nyingine tena, mpaka karakana ya kushona sare za shule. Alipenda kuwaonyesha wageni.

Mama Sidonie aliwekwa kwenye kochi lililo karibu kabisa na mti. Pélagie ndiye aliyelichagua kochi hilo, naye ndiye aliyembeba bibi kutoka garini. Mchungaji Nehemiya aliketi mkabala, na mkewe, na kijana wao aliyekuwa akimtazama Grâce kila mara kwa jicho la wizi. Jikoni kulinukia pilau na ndizi. Saa ilikuwa ya alasiri, jua bado liko madirishani.

“Zima taa za mti,” Pélagie alisema.

“Juu ya nini, shemeki? Ziko muzuri.”

“Batu bataangalia taa. Mapambo hayatasikiwa.”

“Zima, baba,” Grâce alisema, “tusikie.” Alikuwa msichana wa ishirini na kitu, mwenye cheko la karibu, na tangu mtoto alimpenda Pélagie. Alikuwa akija Kashojwa wakati wa likizo, akalala naye kitanda kimoja. Pélagie hakumtazama.

Sanduku lilikuwa la bati, lile la wanafunzi, kutu imelila pembeni. Alilifungua akatoa pambo la Mama Sidonie kwanza: msalaba mdogo wa nyuzi za shaba. Bibi akaegemezwa, akautundika mwenyewe kwenye tawi la chini.

“Mwaka hii nilikuwa kitandani Kashojwa, nilikula mahindi ya Pélagie na sukari ya Bienvenu. Nilinungunika sana. Mungu anisamehe.”

Wageni wakacheka. Mchungaji akajipiga kofi gotini. “Hii ni muzuri. Hii ni ungamo.”

Grâce akatundika kikapu chake cha majani ya mgomba, kidogo kama kidole gumba, alichofumiwa na bibi yake Kigoma. Akasema mwaka huu alikuwa Mbarara, amejifunza kompyuta, na amempenda mtu, na anaogopa kupika mbele ya mama mkwe. Mke wa mchungaji akasema, “Uogope kabisa,” na kicheko kikawa kikubwa kuliko cha kwanza. Mke wa Bienvenu akatoka jikoni, akatundika lake, akasema mwaka huu alipika na kushona, akarudi kwenye sufuria. Pélagie akatundika nyota yake ya kifuniko cha kopo la maziwa. Akasema mwaka huu alilima, akauza vitenge sokoni Base Camp, na akangoja. Hakuna aliyemwuliza alingoja nini.

Kisha akatoa la Bienvenu. Kilikuwa kigurudumu cha mti cha kuzungushia uzi, baba yao alikichonga kikawa ndege, akakipaka rangi nyekundu na kukitia mabawa ya bati. Rangi ilikuwa bado kali, kwa kuwa pambo halikuwa limeona jua miaka mingi. Bienvenu alilipokea kwa vidole viwili. Alilitazama kidogo, akakohoa, akalitundika katikati ya mti mahali wote wangeliona.

“Mwaka hii,” alianza, sauti ya mkutanoni, “nilikuwa hapa Mbarara, na Mungu amebariki kazi ya mikono yangu…”

“Hapana, mwana wangu,” Mama Sidonie alisema.

Pélagie alikuwa ameshajiandaa kulisema hilo yeye. Akarudisha pumzi.

“Wewe umekosa miaka,” bibi akaendelea kwa upole. “Baba yako alisema, aliyekosa miaka anaanza na ya kwanza. Sema ya vita. Ni hiyo nataka bageni basikie.” Akamgeukia mchungaji. “Alifanya kitu kubwa kwa kaka yake, huyu.”

Bienvenu alicheka, lakini cheko halikufika machoni. “Mama, leo ni siku ya furaha. Mambo ya vita…”

“Umesema sheria yote,” Pélagie alisema.

“Sheria ni sheria, mukwe,” Mchungaji Nehemiya akasema. “Hata sisi tutapenda kusikia.”

Basi akasema. Aliyazoea maneno hayo, yalitoka laini kama uzi kwenye sindano. Alikuwa katika njia ya Mboko. Aliweka mzigo, akarudi na baiskeli mbio mpaka mnyororo ukakatika, akamkuta kaka yake amekwisha kukata roho mikononi mwa mkewe. Akachimba kaburi, yeye na shemeki, akaimba wimbo mmoja, akalia. Mama Sidonie alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno. Grâce alifuta macho.

“Shusha,” Pélagie alisema.

Bienvenu alimtazama.

“Shemeki, unasema nini?”

“Shusha.”

“Mama Pélagie,” mchungaji aliuliza, “uko na sababu?”

“Sheria haiulize sababu. Nilikuwa pale.”

Uso wa Mama Sidonie uligeuka polepole, kutoka kwa mwana kwenda kwa mkwe, na kurudi. Bienvenu akainua mkono, akalishusha lile pambo. Mabawa ya bati yaligongana. Alilishika mbele ya tumbo kama mtoto wa shule anayengoja kuchapwa.

“Ni zamani,” alisema. “Pengine nimechanganya. Nilichelewa. Nilipofika nilikuta kaburi tayari, basi nikaomba pale juu, nikaweka jiwe.” Akalitundika tena, tawi la chini zaidi.

“Shusha.”

“Unataka nini kwangu?” alisema sasa kwa sauti ya chini, ya nyumbani. “Mbele ya batu? Mbele ya mutoto? Nimekutumia sukari miaka yote.”

“Na mama ameikula. Shusha, shemeki.”

Grâce alikuwa amesimama. “Baba,” alisema. “Ulirudi ao hukurudi?”

Taa za mti zilikuwa zimezimwa, na jua la dirishani lilikuwa limempiga Bienvenu usoni. Hakuwa na mahali pa kujificha. Alimtazama binti yake, akamtazama mchungaji, ambaye sasa aliikunja mikono. Pélagie aliona koo la Bienvenu likimeza, na alijua ladha ya alichokimeza.

“Sikurudi,” alisema.

“Sema yote,” mama yake alisema.

“Nilifika Mboko. Nilikunywa chai. Mashua ilikuwa inaondoka, na mwenye mashua alisema fasi iko moja: wewe na mashini yako, ao ungoje mashua ingine. Niliwaza mguu wa Anselme. Nilikuwa nimeuona, ilikuwa imeanza kunuka. Nikasema mu moyo, huyu atakufa tu, nimubebe, nisimubebe. Mashini haikufe.” Akafuta midomo. “Nikapanda.”

Watu wote, bila kutaka, waliitazama cherehani chini ya kitambaa chake cheupe. Kijana wa mchungaji peke yake alitazama chini. Bienvenu alilitundika pambo kwa mara ya tatu. Wote walimgeukia Pélagie kungoja neno lake. Ndege mwekundu akabaki pale.

Pélagie alikuwa akimtazama bibi. Ndio uliomleta, uso ule. Alitarajia kilio, au mikono kichwani. Mama Sidonie aliuliza tu, kwa sauti ndogo:

“Pélagie. Bienvenu alipokuwa nakunywa chai, Anselme alikuwa hai?”

“Alikuwa hai, mama.” Jibu hili alikuwa amelitunza kuliko sanduku. “Alikuwa hai, na alikuwa naita jina yake. Kila baiskeli yenye ilipita alisema, ni mudogo wangu huyo, ninajua vile analiza kengele. Mpaka baiskeli ya mwisho.”

Bienvenu akaketi chini sakafuni. Hapakuwa na aliyemwinua. Pélagie alihisi kifua chake kinapanuka, kama mtu aliyetua mtungi baada ya kupanda mlima, na hakujionea haya.

Mchungaji Nehemiya aliinuka. “Mambo ya batoto tutaongea mwezi ujao,” alisema. “Leo si siku.”

“Kaa, mchungaji,” Mama Sidonie alisema. “Mti umekamilika. Chakula iko. Mutu haondoke kwetu na njaa.” Kwa jinsi alivyosema, mchungaji akakaa.

Kisha bibi akamwambia mkwe wake, “Kesho unarudi Kashojwa.”

“Tunarudi, mama.”

“Wewe unarudi. Mimi ninabaki hapa.”

Pélagie alidhani amesikia vibaya. Bienvenu aliinua kichwa, na usoni mwake kukapita kitu kama mwanga. “Mama,” alisema, “asante, mama. Nitakutafutia musichana wa kazi, muzuri, wa kukuangalia…”

“Hapana musichana. Hapana muke yako, hapana Grâce.” Sauti yake haikupanda hata kidogo. “Wewe. Wewe utanibeba asubuhi, wewe utanibeba choo, wewe utaniosha fasi yenye ulitokea. Na kila ukinibeba utaniambia njia ya Mboko, toka mlimani, na chai, na mashua, na kengele. Siku utaruka neno moja, siku hiyo sitakula. Na bakristo bote bataulizana juu ya nini mama ya Bienvenu anakufa njaa mu nyumba ya mawe.”

Pélagie alisimama na kifuniko cha sanduku mkononi, na alijiona kama mtu aliyenoa panga miaka yote, kisha akaja mwingine akaliomba kwa adabu, na huyo mwingine ndiye aliyejua kukata. Angependa kusema mama ni wangu, mimi ndiye ninayejua upande wa kulalia nyonga ile. Lakini angemwambia nani? Alichokidai kilikuwa kimelipwa, na malipo yalikuwa yakienda nyumba nyingine.

“Ungeniambia mbele, mama,” Grâce alimnong'oneza Pélagie.

“Ungeniamini?”

Msichana alifikiri. “Hapana,” alisema, akaenda jikoni kuleta sahani.

“Sasa,” Mama Sidonie alisema, “nataka kunawa mikono. Nibebe.”

Bienvenu alipiga magoti mbele ya kochi. Hakujua mahali pa kushika. Alimshika kwapani, bibi akaguna kwa maumivu. Akajaribu chini ya mapaja, na mwishowe mama yake alimzungushia mikono shingoni, Bienvenu akainuka naye, akiyumba, viatu vyake vinavyong'aa vikiteleza kwenye saruji. Wakaingia kwenye ujia. Sauti ya bibi ilisikika, tulivu: “Anza.” Na ya mwanaume ikafuata, ikikatika kwa uzito: “Tulifika ku mulima…”

Pélagie akavuta kiti. Pilau ilikuwa bado inatoa moshi. Alijipakulia, akala mpaka akashiba, na kesho yake akarudi Kashojwa peke yake.